Boti bila pangaboi: mashine ya jeti ni kitu gani, na itamfaa nani Bagamoyo?

Video ile imezunguka ufukwe mzima wa Bagamoyo. Ukikaa na wavuvi baada ya mnada wa samaki, hukosi mmoja wa kukutolea simu: boti ndogo ya bati inapanda mto kwa kasi, maji hayafiki hata kifundo cha mguu, kokoto zinaonekana chini, na boti haikwami. Mashine imefungwa nyuma kama zetu na inalia kama zetu, ila ukitazama chini yake huoni pangaboi, yale mapanga yanayozunguka majini kuisukuma boti. Ubishi huanzia hapo. Huyu anasema inakwenda kwa hewa kama ndege. Yule anasema haili mafuta. Wa tatu, ambaye juzi tu alipwelewa na mzigo wake kwenye fungu la mchanga la mdomo wa mto Ruvu, hasemi kitu. Anauliza bei.

Huyo wa tatu ni jirani yangu. Ana boti ya bati kama ile, yaani ya alumini, ya futi 14 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na mashine ya hosipawa 40. Kwa kuwa ujana wangu niliumalizia kwenye gereji ya mashine za boti, amekuja kwangu mara nne akitaka jibu la neno moja: abadilishe au asibadilishe? Neno moja sina. Ninachoweza ni kumfungulia hiyo mashine, yeye na wengine wanaobishana, ili kila mtu ajue anabishania nini.

Tuanze na majina. Mashine ya boti tunayoifunga nyuma ina kichwa, ambacho ndiyo injini yenyewe; ina shingo, ambamo shafti inashuka; na ina mguu, yaani kile kipande cha chini kinachozama, chenye gia na pangaboi. Kuweka jeti maana yake ni kufungua ule mguu na kufunga mguu mwingine mahali pake. Basi. Kichwa kinabaki kilekile, petroli ileile, plagi zilezile. Ndiyo maana nasema "mashine ya jeti" ni jina linalopotosha kidogo: ulichobadilisha ni mguu, mashine hukuigusa. Na haina undugu na injini ya ndege zaidi ya jina. Jeti ni maji, au hewa, yanayofyatuka kwa nguvu kupitia tundu dogo. Ukiziba mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole gumba, umeshatengeneza jeti.

Ndani ya mguu huo mpya kuna kitu kimoja tu kinachozunguka. Mafundi wa pampu za maji wanakiita impela: gurudumu dogo lenye mapanga matatu au manne, ndugu wa lile lililomo kwenye pampu ya kumwagilia mchicha. Shafti inalizungusha moja kwa moja, bila gia kati. Linafyonza maji chini ya boti kupitia chekeche la vyuma, linayapitisha kwenye tumbo lililojikunja kama konokono, kisha yanatokea nyuma kwenye tundu jembamba yakiwa na kasi kubwa. Maji yanakwenda nyuma, boti inakwenda mbele.

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Wanadhani jeti inasogeza boti kwa kuyasukuma maji yaliyo nje, kama upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, unavyosukuma mchanga, kwa hiyo tundu lazima liwe ndani ya maji. Si hivyo. Mtoto akipuliza puto akaliachia bila kulifunga, linaruka chumba kizima, na hakuna ukuta unaosukumwa. Mtu wa zimamoto akifungua bomba lazima akaze miguu, maana bomba linamrudisha nyuma hata kama maji hayajagusa nyumba inayoungua. Nguvu inazaliwa pale maji yanapofyatuliwa, na haingoji yafike popote.

Aliyelithibitisha jambo hili kwa faida ya wenye boti ndogo ni Bill Hamilton, mkulima na mhandisi wa New Zealand. Mito ya kwao ni mipana, ina maji mafupi, imejaa kokoto, na pangaboi halidumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza boti iliyotoa maji chini ya sakafu yake. Ilikwenda, lakini kwa uvivu. Mmoja wa wafanyakazi wake akashauri watoe maji nyuma, juu ya usawa wa maji. Kasi ikapanda vibaya sana. Mwaka 1960 boti za aina yake zikapanda mto Colorado kupitia lile bonde kubwa la Marekani, Grand Canyon, kinyume na mkondo, jambo ambalo halikuwa limefanywa na boti yoyote. Hizo zilikuwa na injini ndani. Mguu wa jeti wa kufunga kwenye mashine ya nje ulikuja baadaye, kwa wazo lilelile.

Sasa tuje kwenye bei, na sizungumzii shilingi. Wanaouza mzigo mnadani wanamjua dalali: samaki wako, bahari umeingia wewe, lakini lazima akate chake. Jeti ni dalali wa aina hiyo, na hukata kama tatu katika kila kumi. Injini ya hosipawa 40 ikipitia kwenye jeti, inayofika kwenye maji ni kati ya 25 na 28. Watengenezaji wenyewe hawalifichi. Kampuni ya Mercury huandika kwenye mashine zake za jeti nguvu inayotoka, wala si ya injini: iliyoandikwa Jet 25 ina kichwa cha 40, na iliyoandikwa Jet 40 ina kichwa cha 60. Mtu asiyejua akiziona mbili hizo dukani, anadhani amepunjwa.

Kwa nini inakata kiasi hicho? Chukua kasia mkono mmoja na mwiko wa ugali mkono wa pili, ukaingie ndani ya mtumbwi. Kasia linashika maji mengi na kuyasogeza polepole. Mwiko unashika maji kidogo, kwa hiyo ili mtumbwi uende sawasawa lazima uuvute mbio mbio, na mikono inachoka mapema. Pangaboi ni kasia: pana, limepunguziwa mwendo na gia, linameza maji mengi. Jeti ni mwiko unaozungushwa kwa kasi ya injini. Fizikia iko upande wa kasia siku zote. Na kadiri unavyokwenda polepole ndivyo tofauti inavyozidi kuuma: kutega nyavu, kufuata boya, kuvuta boti nyingine, hizo ndizo kazi ambazo jeti inazifanya vibaya kuliko zote.

Kwa hiyo ile hoja kwamba haili mafuta iishie hapa. Kwa mzigo uleule na safari ileile, jeti inakula zaidi. Anayeingia bahari kuu kuwinda jodari na kurudi, akifunga jeti atakuwa ananunua petroli ya ziada kila siku kwa ajili ya maji mafupi anayokutana nayo dakika tano asubuhi na dakika tano jioni.

Lakini wale wa kwenye video wanapita kweli kwenye maji ya kifundo. Hawadanganyi, ila wamekuonyesha nusu ya habari. Sote tulipokuwa watoto tumerusha vigae baharini vikaruka juu ya maji mara tatu, nne, tano. Kigae hakielei. Kinakaa juu kwa sababu kina kasi, na kasi ikiisha kinazama palepale. Boti nyepesi yenye sakafu bapa nayo, ikishika kasi, inanyanyuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima. Ikiwa imenyanyuka hivyo, sakafu imezama sentimita chache tu, na jeti haina kitu kirefu kinachoning'inia chini. Ndiyo siri yote.

Je, ikisimama? Hebu tupige hesabu ya boti ya jirani yangu, maana hesabu hii watu hawaifanyi. Sehemu inayogusa maji ina urefu wa kama mita 3.6 na upana wa mita 1.2, eneo lake ni mita za mraba 4.3 hivi. Maana yake kila kilo 43 unazopakia zinaishusha boti sentimita 1. Boti yenyewe, mashine, watu wawili, tangi na vikorokoro ni karibu kilo 390: imeshazama sentimita 9. Weka kilo 200 za samaki na barafu, inakaribia 14. Mguu wa pangaboi unashuka chini ya sakafu sentimita 30 hadi 40 kulingana na mashine, kwa hiyo unahitaji karibu nusu mita ya maji ili usiguse chini. Mguu wa jeti haushuki hivyo, ila unapoondoka kutoka kusimama unafyonza kama ufagio wa umeme. Ukiondokea kwenye maji ya sentimita 25 juu ya mchanga, hufyonzi maji, unafyonza mchanga. Watu wenye busara huisukuma boti mpaka maji ya magoti ndipo wawashe.

Magoti ni sentimita ngapi? Karibu nusu mita. Yaani kwenye kuondoka, jeti na pangaboi zinataka karibu maji yaleyale. Tofauti iko katikati ya safari, ukiwa umeshashika kasi, na iko pale tu ambapo mzigo ni mwepesi kiasi cha kuiruhusu boti inyanyuke. Tujaze boti samaki, tumpe dalali tatu zake katika kumi, na huenda isinyanyuke kabisa. Boti ya jeti isiyonyanyuka ni mzigo wa kelele na petroli.

Jambo la pili ambalo video haionyeshi ni usukani. Pangaboi likisimama, mguu uliozama bado unafanya kazi kama usukani mdogo. Boti inakutii kiasi. Jeti haina hata hicho. Inageuza boti kwa kugeuza mwelekeo wa maji yanayofyatuka, na yasipofyatuka huna usukani. Nililijua hili kwa aibu. Miaka mingi nyuma nilipanda pikipiki ya majini, ambayo nayo ni jeti ileile ndani ya mwili mwingine. Nikaona nguzo ya gati inanijia, nikafanya ambalo nahodha yeyote wa mashine ya kawaida angefanya: nikaachia mafuta ili nipunguze mwendo, kisha nikageuza. Chombo kikaenda moja kwa moja kama mshale. Nguzo haikuumia. Kwenye jeti unapotaka kukwepa kitu lazima ubaki na mafuta, hata uongeze kidogo, na mwili wako wote unakataa. Kwenye kona za mto zilizobanwa na mikoko, na kiboko akachomoza mbele, hilo si jambo la kujifunzia hapo hapo.

Rivasi nayo ni ya namna yake. Hakuna gia ya kurudisha nyuma. Kuna kifuniko kama bakuli kinachoshuka mbele ya tundu na kuyarudisha maji yaelekee upande wa omo, yaani mbele ya boti. Inafanya kazi, lakini kwa unyonge. Kuiweka huru maana yake kifuniko kimeshuka nusu, maji mengine yanakwenda huku na mengine kule, boti inasitasita. Impela haisimami. Injini ikiwa inawaka, impela inazunguka.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya wachukuzi wetu. Bagamoyo samaki hawashushwi gatini; watu wanaingia majini mpaka kiunoni, wanapokea ndoo na matenga kando ya boti, na mawimbi yanawayumbisha. Kwa watu hao, mguu usio na pangaboi la wazi ni heri kubwa, na kama ningekuwa natetea jeti ningeanzia hapa kabla ya kusema neno juu ya kina cha maji. Hata hivyo kusema haina kitu kinachokata ni uongo. Chekeche linafyonza kamba, kitenge, utepe wa nguo, na anayetaka kuchomoa uchafu kwa mkono azime injini kwanza, achomoe na ile kamba ya usalama ambayo ikichomoka injini haiwaki, ndipo apeleke vidole.

Na uchafu utakuwepo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini bahari haikusoma tangazo. Vipande vya zamani bado vinaelea, pamoja na vipande vya nyavu, nyasi za baharini na mwani uliokatika kwenye mashamba. Pangaboi likipata nyasi huzikata au hujizungushia. Jeti ikipata mfuko mmoja mdomoni, imekabwa. Boti inashuka, injini inapiga resi, mwendo hakuna. Mnaoagiza juisi ya parachichi mmeliona hili kwenye blenda: juisi ikiwa nzito mno, kisu kinachimba shimo la hewa katikati, kinalia mbio, na kilichoko pembeni hakisogei mpaka uongeze maziwa. Jeti inayovuta hewa au iliyokabwa inalia vilevile, na fundi mwenye masikio anaijua kabla hajaiona.

Mchanga ndio adui wa polepole. Kati ya ncha za impela na ukuta wake panatakiwa nafasi ya karibu milimita 0.8, unene wa kadi ya benki. Kila punje ya mchanga inayopita inasugua pande zote mbili, nafasi inapanuka, maji yanarudi nyuma kwa pembeni badala ya kusukumwa, na nguvu inapungua bila wewe kujua lini ilianza. Kuna vishimu, yaani pete nyembamba za kujazia nafasi, vya kuhamisha juu na chini ili impela iingie zaidi kwenye ukuta wake, na makali yake hunolewa kwa tupa kama panga la shamba. Ruvu inatoka milima ya Uluguru, na wakati wa masika inashuka nyekundu kama chai ya maziwa. Hayo siyo maji ya kokoto safi yaliyo kwenye video. Beringi ya chini nayo inataka grisi kila baada ya saa 10 za kazi hivi, unapampu mpaka ile ya zamani itokeze upande wa pili, na ukitoka maji ya chumvi unaisuuza kwa maji baridi bila kusema nitafanya kesho.

Tuseme umeyasikia yote haya na bado unataka. Boti yenyewe inakubali?

Mguu wa jeti haukai mahali pa mguu wa zamani. Unakaa juu zaidi, kwa sababu mdomo wake wa kufyonzea unatakiwa ulingane na sakafu ya boti. Kwa kawaida mashine inapanda sentimita 13 hadi 18. Ama unaongeza ubao wa nyuma, ule unaofungiwa mashine, kwenda juu, ama unafunga bamba la chuma la kuinulia mashine. Kisha unachukua ubao ulionyooka, unaulaza chini ya sakafu kuelekea nyuma, na ukingo wa mbele wa mdomo wa jeti uguse mstari huo. Ukiwa juu mno inavuta hewa. Ukiwa chini mno inaburuta maji, yanaruka kama chemchemi, na inagonga kila kitu. Unashusha au kupandisha nusu sentimita, unajaribu majini, unarudi, unarudia. Fundi atakayekwambia ameipata mara ya kwanza, muulize vizuri.

Halafu unalala chali chini ya boti na kutazama. Boti nyingi ndogo za alumini zina mkuku, yaani uti wa chini wa boti, mdogo katikati na mistari ya riveti. Kwa pangaboi havina neno, lakini kwa jeti kila kinachovuruga maji mbele ya mdomo kinachanganya hewa na maji, na tumerudi kwenye blenda. Mkuku hukatwa na kupunguzwa taratibu kwa karibu mita 1 kabla ya kufika nyuma, na riveti zilizochomoza husawazishwa. Sakafu bapa au yenye mteremko mdogo inafaa. Iliyochongoka kama herufi V inapeleka hewa katikati na kuhitaji nguvu ambayo dalali ameshaikata. Hapa ndipo ngalawa, dau na nyingi ya boti zetu za faiba zinapotoka kwenye mazungumzo, na ndiyo maana nazungumzia boti ya bati tu.

Alumini nayo ina tabia zake. Uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma, kwa hiyo boti inanyanyuka upesi, na haishiki kutu nyekundu. Watu wakaamua kwamba haili chumvi kabisa. Inaliwa, tena kimyakimya, ikikutanishwa na metali nyingine ndani ya maji ya bahari. Boliti za chuma kisichoshika kutu zilizokazwa moja kwa moja kwenye alumini, bila washa ya plastiki wala mafuta ya kuzitenganisha, huacha unga mweupe kuzunguka tundu, na baada ya misimu michache tundu limekuwa kubwa kuliko boliti. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba ndani yake usiipake kabisa kwenye boti hii. Funga vipande vya zinki viliwe badala ya boti, na uvibadilishe vikiisha nusu.

Kuhusu kuchomelea: alumini ya boti inachanganywa na magnesi, haifanani na ya sufuria, na haichomelewi kwa ile mashine ya kuchomelea mageti. Inataka gesi ya agoni na mkono ulioizoea. Kabla ya hayo yote gonga ubao wa nyuma kwa nyundo ndogo. Boti nyingi za zamani zina mbao ndani ya alumini pale mashine inapofungwa. Ikilia kavu, nzuri. Ikilia kama papai bovu, mbao zimeoza, na kuinua mashine kwenye ubao huo ni kutafuta siku ya kuiona ikizama peke yake. Na kwa kuwa boti imebadilika, wapigie TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kabla ya kuirudisha majini kwa biashara, maana ukaguzi wa usalama wa vyombo uko kwao.

Sasa Bagamoyo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufukwe ni bapa kiasi kwamba maji yakipwa boti zinalala mchangani mbali kabisa na bahari. Hakuna jeti inayotibu hilo. Mchanga mkavu ni mchanga mkavu. Tiba yake tunayo tangu enzi za mababu: kujua tarehe za mwezi, na kuwa na upondo ndani ya chombo. Anayekwenda nje ya mafungu kuvua na kurudi na shehena, simwoni akihitaji jeti. Ainue mguu wa mashine yake hatua moja au mbili anapopita fungu, apunguze mwendo, asubiri robo saa maji yaingie.

Anayeitaka kwa haki ni mtu mwingine. Ni yule anayepeleka watu watatu, wanne, na mikoba, ndani ya delta ya Ruvu kutazama ndege. Au wa doria na utafiti anayepanda mto Wami kuanzia mdomoni kwake kule Saadani wakati wa kiangazi, mto ukiwa umebaki michirizi kati ya mafungu. Mzigo mwepesi, njia ndefu ya maji mafupi, kasi inayohitajika kweli, na magogo yaliyozama yanayovunja mapangaboi. Huyo, hata dalali akikata tatu, zinazobaki saba bado zinamtosha. Na hata huyo namshauri autunze mguu wake wa zamani pamoja na shafti yake, maana fundi anaweza kuurudisha.

Ugumu wa jirani yangu ni kwamba yeye ni watu wote wawili. Siku za kazi anabeba samaki, mwishoni mwa wiki anabeba wageni. Alipokuja mara ya nne nilimwambia, "Mzee mwenzangu, huniulizi mimi, unauliza fungu." Tukachukua upondo wake, tukaupiga alama ya rangi nyeupe kila sentimita 10 mpaka kifuani, na sasa anauchovya kila anapopunguza mwendo, kwenda na kurudi, na kijana wake anaandika kwenye daftari la shule: mahali, kina, mzigo uliokuwemo, na kama boti ilikuwa imenyanyuka au imelala. Ameshamaliza siku za maji mafu, zile ambazo maji hupanda na kushuka kidogo tu. Kati ya sehemu sita alizokwama au kuponea chupuchupu, nne zilikuwa pale pale pa kuondokea ufukweni, boti ikiwa imelala na mzigo tumboni. Zimebaki mbili, zote mdomoni mwa Ruvu, zote akiwa na wageni. Bamvua inaanza Jumatano, na kijana ameshaongeza kurasa kwenye daftari.